Gari Lililovuta Kushoto

"Achia usukani, mzee," fundi alisema, ameketi kando yake. "Alaimenti ya magurudumu nimeshafanya. Tuone kama gari linanyooka."

Mzee akaung'ang'ania. Tangu augue kiharusi, gari lilikuwa likimvuta kushoto, naye hakuwa na shaka kwamba tatizo ni mkono wake. Kila alfajiri alijifungia bafuni akiminya sifongo mpaka vidole vikafa ganzi, wala mkewe hakujua. Asubuhi hii alikuwa amemwahidi mkwewe, huyo aliyekaa nyuma, kwamba wakitoka gereji atamkabidhi funguo za gari, asiendeshe tena. Uzee umemfika.

"Achia tu, baba," mkwe akasema kwa upole.

Akaachia. Mikono ikabaki hewani, kama ya mtu anayemfundisha mtoto kutembea.

Gari likanyooka. Likapita nguzo ya kwanza, likapita ya pili, limetulia kama maji ya mtungi.

"Magurudumu ya mbele yalikuwa yametazama pembeni," fundi akasema. "Hata mimi lingenivuta."

Mzee akashusha pumzi, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Walipomrudisha fundi gereji, mkwe akashuka, akaja dirishani na kukinga mkono kwa adabu zote apewe funguo.

"Rudi nyuma ukakae, mwanangu," mzee akasema. "Na ufunge mkanda."