Mistari Minne Tu

Karatasi ilitoka na mistari minne iliyokoza. Wa tano ukafifia, wa sita ukawa mikwaruzo mitupu. Meneja aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota nepi.

"Na wewe unajiita fundi?"

Mzee alifungua kifuniko cha printa. Shati lake lilikuwa na madoa ya wino wa kila rangi, na mkono mmoja wa miwani yake ulishikizwa kwa uzi. Alikuja asubuhi akisema fundi wa siku zote amepata udhuru, kwa hiyo leo atajaza wino yeye. Akachomoa katriji nne kwenye printa, akazijaza kwa bomba la sindano, taratibu, akazirudisha. Tangu hapo ikawa ni mistari minne tu.

"Kichwa cha printa kimeziba, bosi. Nitakisafisha. Dakika kumi."

"Dakika kumi ulizisema saa tatu!"

Barua zilikuwa arobaini na mbili, za kuwatoa wapangaji wa jengo la zamani nyuma ya soko. Mwenye jengo alitaka kulibomoa. Mkataba ulisema wazi: barua isipomfikia mpangaji kabla ya saa sita mchana wa siku hiyo, anaendelea kukaa mwaka mwingine mzima.

"Ni familia arobaini na mbili?" mzee aliuliza, akifuta vidole kwa kitambaa.

"Ni vyumba arobaini na viwili. Panya wa humo sijawahesabu."

Mzee akainamia printa. Akachapa tena. Mistari minne.

"Hivi vidude vyekundu juu ya katriji ni vya nini?" Meneja alivigusa kwa kalamu.

"Vizibo tu vya matundu ya hewa, bosi. Vinazuia vumbi."

"Basi ungeziba na kinywa chako. Printa nzima kabisa, umeifanya iharishe!"

Saa tano meneja alitaka kuzipeleka barua duka la jirani zikachapwe huko. Mzee alimsihi asihangaike, imebaki kidogo. Akachomeka karatasi nyingine yenye nembo na mhuri wa mwenye jengo, maana barua isiyo na mhuri ule haikubaliki.

"Kwa nini hujaribii kwenye karatasi za kawaida?"

"Za kawaida ni nyepesi, bosi. Hazionyeshi kosa."

Meneja akacheka kwa dharau. Asiyejua kucheza, alisema, uwanja huwa mbovu. Na asiyejua kuchapa, karatasi huwa nyepesi. Hata hivyo akakaa, akamwacha aendelee. Mtu mjinga kiasi kile, aliona, lazima siku moja abahatishe.

Saa sita kasoro dakika ishirini alinyoosha mkono kwenye boksi la karatasi zenye mhuri. Vidole vikagusa kitako cha boksi.

"Ziko wapi?"

Mzee alionyesha kapu la taka. Lilikuwa limefurika barua za mistari minne.

Meneja alipiga kelele mpaka ofisi ya chini wakanyamaza kusikiliza. Alimwita mzigo, kipofu, hasara ya ukoo. Alimwambia hata mbuzi angejaza wino kwa adabu zaidi. Simu ya mwenye jengo ilipoita, saa sita kamili, alimsukuma mzee nje bila hata kumlipa nauli.

"Samahani sana, bosi," mzee alisema kupitia ufa wa mlango.

Alishuka ngazi akiwa na mkoba wake, akavuka barabara, akapita sokoni bila kununua kitu, akaingia kwenye lile jengo la zamani nyuma yake. Ukumbini magodoro yalikuwa yamekunjwa, masufuria yamepangwa ndani ya mabeseni, watoto wamekalia mafurushi. Mkewe akasimama.

"Mzee mwenzangu, vipi?"

Fundi alitua mkoba, akanyanyua godoro la kwanza mabegani.

"Saa sita imepita," alisema. "Tandikeni."