Helmeti ya Malimi

Malimi alikula, akalala na kucheza na mwanawe Sitta bila kuvua helmeti yake. Ndiyo iliyokuwa sheria ya ligi: mchezaji wa futiboli ya Kimarekani anayekuzwa kipaji aongozwe saa zote, hata nyumbani, na sauti ya kocha kupitia spika iliyo ndani ya helmeti.

Nyamizi, mkewe, aliidharau ligi hiyo tangu ilipozinduliwa kwa fataki pale Mwanza.

"Ligi ya kukuza vipaji!" alisema. "Mbona mnakuzwa tu, hamkomai? Nani kati yenu amefika Marekani? Mnagongana vichwa kwenye uwanja mtupu. Afadhali mbuzi, wao wanagombania jike."

Malimi aliendelea kusikiliza sauti sikioni.

Jumapili moja, wakiwa mezani, redio ilitangaza kwamba ligi imevunjwa, kama zile zilizoitangulia. Nyamizi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Haya, baba Sitta, vua hilo sufuria ule kama mtu."

Malimi alilegeza mkanda wa kidevuni, akaivua helmeti. Kisha akaduwaa mbele ya ugali, mikono mapajani.

"Kula basi!"

Akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna huku akimkodolea macho mkewe.

"Una nini wewe?"

"Nimeze?" aliuliza.

Mtoto alicheka, akidhani baba anatania. Nyamizi hakucheka tena.

"Meza," alisema kwa upole, na Malimi akameza papo hapo.