Vigingi vya Profesa

Mlango wa mbele ulianza kukwama wiki ile mvua ilipokataa kukatika. Fundi mwashi, aliyeijenga nyumba hiyo chini ya mteremko kwa mikono yake mwenyewe, aliupiga randa, akaufungua na kuufunga mara kadhaa, akaridhika.

“Mbao zimekunywa maji zikavimba,” alisema.

“Na ukuta nao umekunywa maji?” mkewe aliuliza, akimwonyesha ufa uliopanda kutoka kwenye fremu ya mlango hadi darini. “Usipoziba ufa utajenga ukuta.”

“Kujenga ukuta si ndiyo kazi yangu?”

Mama hakucheka. Jirani wa upande wa juu alikuwa amekwisha kuhama, yeye, watoto na kuku wake, kwenda kwa shemeji yake. Mama naye alikuwa amefunga mzigo wa nguo na kuuweka karibu na kitanda cha kitinda mimba wake. Aliogopa, wala hakuona haya kusema.

Lakini wa kuamua alikuwa Profesa.

Hilo ndilo jina ambalo fundi alimpa binti yake mkubwa siku alipochaguliwa kuingia kidato cha tano kusoma Jiografia. Ukoo mzima haukuwahi kufikisha mtu huko, na fundi alihakikisha kila saidia fundi kazini kwake analijua hilo, atake asitake. Sasa binti alikuwa kidato cha sita, na mradi wake wa mtihani ulikuwa mteremko huohuo wa nyuma ya nyumba.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Unapigilia vigingi kukatisha mteremko, vyote kwenye mstari mmoja ulionyooka, kuanzia mwamba wa upande huu hadi mwamba wa upande ule. Miamba haiendi popote. Udongo ukianza kutambaa, unavishusha vigingi vya katikati, na mstari unabonyea kama kamba ya kuanikia iliyolemewa na nguo. Ukiona hivyo, unahama siku hiyohiyo.

“Wewe ndiye msomi,” baba yake alimwambia. “Siku utakayosema tuondoke, tunaondoka. Sitabisha.”

Basi kila asubuhi kabla ya kwenda shule Profesa alipanda juu ya mwamba, akafumba jicho moja, akatazama. Mstari ulikuwa umenyooka. Mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi mstari ulikuwa umenyooka. Chemchemi ya nyuma ya jiko ikaanza kutoa maji ya tope. Alipanda mbio, akafumba jicho. Umenyooka. Mashina ya vigingi yalikuwa na tope bichi, lakini kwa mvua ile, nini hakikuwa na tope?

Alitamani kumwamini mama yake. Ila darasani walikuwa wameambiwa, tena mara nyingi, kwamba hofu si kipimo.

Nyumbani maisha yaliendelea. Mama alipika, alisikiliza paa, aligombana na mumewe kuhusu sakafu. Kila asubuhi buti za fundi ziliacha udongo mwekundu mlangoni, ingawa mwezi huo alikuwa akiweka vigae ndani ya jengo lililokwisha kuezekwa. Fundi aliomba radhi, akanyoosha mkeka uliokaa upande, akanyoosha na picha ya ukutani, akaenda zake. Kitu kilichopinda kilimnyima raha, hata kwenye nyumba za watu.

Alasiri moja mwalimu wa Jiografia alikuja kukagua mradi, suruali ameikunja hadi magotini. Fundi aliacha kazi mapema ili amshikie mwavuli.

Mwalimu alipanda mwambani, akafumba jicho. Alikaa hivyo muda.

“Havijasogea tangu ulipovipigilia?”

“Havijasogea, mwalimu.”

“Nimesahihisha miradi mingi, sijaona mstari ulionyooka hivi. Basi mteremko umetulia. Andika hivyo.”

Fundi alitabasamu hadi magego yakaonekana.

Jioni hiyo mvua iliongezeka. Walipomaliza kula, mama alimgeukia binti yake.

“Mwanangu, nakuuliza wewe, simuulizi baba yako. Tulale au tuondoke? Njia ya chini bado inapitika.”

Profesa aliutazama ufa, akamtazama mdogo wake aliyekwisha kusinzia pale pale kwenye mkeka. Kisha akavikumbuka vigingi.

“Tulale, mama. Mwalimu kaona mwenyewe.”

Mama alishusha pumzi, akaufungua mzigo na kuanza kurudisha nguo kabatini. Fundi alisukuma mlango kwa bega hadi ukaingia mahali pake, akapiga komeo, akarudi kuketi akicheka peke yake.

“Ila yule mwalimu alivyosifu!”

“Kasifu kweli, baba.”

“Nilijua tu. Binti wa fundi aonyeshe watu mstari uliopinda? Wangenicheka mji mzima.” Alitoa mfukoni uzi wake wa kujengea, umejaa udongo mwekundu, akauweka mezani kama mtu anayetoa zawadi. “Kila alfajiri, wewe ukiwa umelala, napanda na nyundo. Naufunga uzi mwamba kwa mwamba, vilivyoteremka nang'oa, navirudisha mstarini. Vile vya katikati ndivyo vikaidi. Leo nimevipandisha hatua nzima.”

Profesa alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Aliondoa komeo, akauvuta mlango kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akauvuta tena.

Haukufunguka.