Gegedu la Maimuna

Siku hizi mzazi anayeumwa goti hupewa kipande cha gegedu, lile tandiko laini la mfupa, kutoka kwenye goti la mwanawe. Ndiyo sheria, na watu wameshaizoea. Bi Mwanakheri alipewa la bintiye Maimuna, akarudi kukalia mbuzi na kukuna nazi mwenyewe, huku akiwaringia majirani.

Mwaka haukuisha, maumivu yakarudi. Daktari akamwonyesha picha ya goti kwenye skrini.

"Gegedu ni changa, mama, lakini limelala juu ya mfupa wako. Mfupa umeshakuwa mgumu, haupokei uzito kama zamani, basi uzito wote unaliangukia gegedu. Hivi viwili haviachani. Kimoja kikiharibika, cha pili hufuata. Tutachukua jingine kwa binti."

"Na mfupa wake yeye, pale mlipobandua?"

Daktari akaizima picha. "Bado kijana. Atavumilia."

Nyumbani alimkuta Maimuna amekalia mbuzi, anakuna nazi ya futari.

"Wamesemaje, mama?"

"Wamesema nimepona."

"Alhamdulillahi!" Maimuna akachukua bakuli aende jikoni, lakini kwanza akaushika ukuta, akangoja goti limkubalie kuinuka.