Boliti ya Kumi

"Sangara," alisema Saija, akakaza boliti. "Kambare. Mkunga."

Mjomba wake Pasi, aliyekuwa ameegemea mlango wa banda kofia yake ya sufu kichwani, akacheka kwa pua. "Mwenzetu anavua samaki ndani ya injini! Dada Merja, njoo umwone mwanao."

"Mwache," mama alijibu kutoka uani. "Ndivyo alivyofundishwa na baba yake."

Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ilikuwa na boliti kumi, na zilikazwa kwa duru tatu, kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukikosea, hedi inapinda na maji yanavuja upya. Baba yake, Taisto, alikuwa amezipa majina ya samaki wa ziwani ili mtoto asisahau. Tisa zilikuwa samaki. Ya kumi, ile ya kona ya nyuma ambako mkono hufika kwa shida, aliiita Saija. "Wewe ndiye mfunga kazi," alimwambia. Naye, miaka tisa, taa kaishika kwa mikono miwili, hakutikisika hata mbu walipomuuma.

Mwaka uliofuata mashua ya Taisto ilionekana katikati ya ziwa, tupu, nyavu zimo. Watu walitafuta wiki tatu. Hawakupata hata buti.

Miaka kumi na miwili sasa, kila Siku ya Watakatifu, Saija na mama yake huenda kanisani, kilomita arobaini, kuwasha mshumaa kwenye jiwe la wale wasio na kaburi. Huenda kwa gari la Taisto. Saija hakutaka kusikia habari ya gari jingine. Lakini mwezi wa tisa lilichemka barabarani, mvuke ukafunika kioo chote, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa: gasketi ya hedi ilikuwa imeungua. Mjomba Pasi akasema likauzwe chuma chakavu. Mama akakubali: lisipopona kufikia Siku ya Watakatifu, Pasi alivute.

 Saija alimtazama mama yake tu, akaona amemzika baba mara ya pili, tena kwa siri, na nduguye ndiye mchimba kaburi.

Na siku yenyewe ndiyo leo. Trela la Pasi lilikuwa limeshaegeshwa uani.

Kilichomwokoa ni sanduku. Wenye magari ya aina ile wamebaki wachache, na wana sanduku moja la vifaa usivyovipata dukani: spana ya kupimia nguvu, rula nzito ya kukagulia hedi, pampu ya kupimia rejeta. Huzunguka kwa basi la mizigo kutoka mtu hadi mtu, na sharti lake ni moja. Ukimaliza, unaandika kwenye daftari lililomo ulichofanya na ulivyofanya, ndipo unalipeleka mbele. Safari hii lilitoka ng'ambo ya mpaka, Uswidi. Mpini wa spana ulikuwa umezungushiwa uzi wa wavu, mzunguko kwa mzunguko, nao ukakaa mkononi mwa Saija kama kitu alichokizoea.

Alimaliza duru ya kwanza, na ya pili. Kisha akaweka spana chini, akamimina kahawa.

"Ndiyo nini sasa?" Pasi akauliza. "Mimi nimekuja na trela, sikuja likizo."

"Kabla ya duru ya tatu chuma kinapumzika. Kikombe kimoja, na kipande cha mkate wa iliki."

"Hilo limeandikwa kitabu gani cha mafundi?"

"Halijaandikwa popote. Ni la baba."

Pasi akajikatia kipande, akatafuna.

Duru ya tatu Saija aliikaza polepole, akiwataja samaki wote. Kwenye kona ya nyuma alilaza shavu juu ya madigadi ya gari ili mkono ufike. "Saija," akanong'ona, na spana ikalia ta!

Wakajaza maji. Saija akawasha. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikatulia. Mama akaja, na wote watatu wakainamia geji ya joto. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukasimama hapo. Dakika tano. Dakika ishirini. Katikati vile vile.

Pasi alivua kofia. "Haya, mpwa wangu. Umenitia adabu." Akaenda kuligeuza trela lake.

Mama aliingia ndani, akarudi na koti la kanisani, mshumaa kwapani. Aliweka kiganja juu ya boneti, kama anayempima mtoto homa. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Laiti Taisto angekuona." Na akalia, yeye ambaye hata wiki zile tatu hakuna aliyemwona akilia.

"Panda, mama, utapata baridi. Niandike daftari, dakika mbili tu nakuja."

Alifuta mikono, akaketi juu ya tairi la akiba. Daftari hakuwa amelifungua hata mara moja. Vipimo vya kukazia vilikuwa vimebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku. Hakujua watu huanzaje, kwa hiyo akasoma kwanza andiko la aliyemtangulia. Lilikuwa la mwezi wa tatu mwaka huu huu, kutoka Uswidi, lakini kwa Kifini, lugha ya kwao Saija, herufi zimelalia kushoto. Jina la chini hakulijua.

"Gasketi ya silinda hedi. Duru mbili, kisha kikombe kimoja na kipande cha mkate wa iliki, ndipo ya tatu. Boliti tisa nimezipa majina ya samaki. Ya kumi ni Elin, binti yangu. Ana miaka tisa, na taa ameishika bila kutikisika."