Kamera Isiyo na Masikio

Kadenge alifukuzwa asubuhi, kamera ikatundikwa adhuhuri, na ubao wake wa onyo chini yake. Miaka tisa bawabu yule alikesha kwenye geti la Zein kule Kizingo, na kwaheri aliyopewa ilikuwa maneno matatu: "Liache kabuti hapo."

Jana yake, katika duka la Muhdhar barabara ya Digo, Zein alikuwa amekataa kamera tano, moja baada ya nyingine. Hii ghali. Hii ya rangi, na rangi za nini? Mwizi ni mwizi hata akiwa kijivu. Mwisho zikabaki mbili.

"Hii yaona na kusikia," Muhdhar akasema. "Hii nyingine yaona tu. Bei nusu."

"Nipe hiyo kiziwi. Mwizi hasemi, huiba."

"Hilo wewe walijua zaidi yangu, bwana Zein."

Maana mji mzima ulijua. Mwaka 1985, akiwa karani wa serikali, Zein alimwendea Mejumaa, mjane wa Kibokoni, na karatasi mkononi. "Ya kuvutia maji tu, mama. Weka dole gumba hapa." Mama wa watu hakujua alifu wala be. Akaweka. Maji hayakuja. Likaja lori la kumtolea vitanda nje. Nyumba ya mawe aliyoachiwa na marehemu mumewe ikawa mali ya Zein, na mama mwenyewe akaenda kupanga chumba Mwembe Tayari. Zein akapanda cheo, akahamia Kizingo, akahiji mara mbili. Watu wa sampuli hii ndio walivyo: wakishashiba vya wizi, huanza kuogopa wezi.

Basi kila jioni alikaa mbele ya kijitelevisheni chake, akitazama kanda ya siku nzima. Siku ya kwanza aliona paka. Siku ya pili, paka yule yule. Siku ya tatu akamwona Mejumaa.

Alikuwa amesimama nje ya geti, amevaa buibui, mfuko wa plastiki kwapani, uso ameuinua. Alimkazia Zein macho moja kwa moja. Kisha akanyoosha kidole, akakisogeza polepole hewani, na midomo ikaanza kucheza. Akasita. Akatikisa kichwa. Akakirudisha kidole alipoanzia, midomo ikacheza upya. Dakika saba nzima. Halafu akaenda zake.

Zein alifungulia sauti ya televisheni mpaka mwisho. Kimya.

Kesho yake Mejumaa alikuja tena, baada tu ya alasiri. Keshokutwa vile vile. Zein akampigia simu Muhdhar, naye akaja, akaitazama kanda mara mbili huku akijibana asicheke.

"Asemaje huyu?"

"Nitajuaje, bwana? Kiziwi umemchagua mwenyewe."

"Kitazame kidole! Na akikosea, aanza mwanzo. Halbadiri hiyo, wallahi! Ananiapiza!"

Muhdhar akaacha mzaha. Pwani hii hapana asiyeijua Halbadiri, dua ya maangamizi ya aliyedhulumiwa: humvimbisha mwizi tumbo, ikampeleka kaburini na alichokiiba kikabaki duniani.

"Basi mrudishie chake. Dawa ni hiyo moja."

"Chake kipi?" Zein akafoka. "Mimi nina hati!"

Angekuwapo Kadenge, angalau angemsikia bibi yule au angemfukuza. Lakini Kadenge alikuwa kwao Kaloleni, bila kabuti. Na Zein kutoka mwenyewe getini hakuthubutu. Shujaa wa kunyang'anya wajane alijibanza nyuma ya pazia, anachungulia kama mwali.

Siku ya nane tumbo likaanza kumuuma. Alikuwa amekula sahani mbili za biriani, ila mwenye hatia hashuku biriani. Siku ya tisa lilijaa likawa kama ngoma. Akanywa magadi, akanywa tangawizi, akaja tabibu akampapasa akasema gesi. Gesi! Zein alimtoa mbio. Akarudi kwenye kanda, na pale kwenye kanda midomo ya Mejumaa ilikuwa ikicheza, taratibu, bila haraka, kama mtu ajuaye kwamba hesabu ya Mungu haina karani wa kuichezea.

Siku ya kumi, asubuhi na mapema, alikuwa mlangoni kwa wakili. Hakuna aliyemkamata. Hakuna aliyemshtaki. Sisi tuliopiga kelele miaka kumi na mmoja, barazani na kwa mkuu wa wilaya, hatukumtoa hata kitasa. Hati ya kuirudisha nyumba aliitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, akilia.

Alasiri akamsubiri Mejumaa nje ya geti, karatasi mkononi.

"Shikamoo, mama. Nyumba yako ya Kibokoni hii hapa. Yote, na wapangaji wake. Nimetia sahihi mbele ya wakili, haina kurudi nyuma. Nisamehe, mama. Niondoe ulimini mwako."

Mejumaa hakuitikia marahaba. Alizipokea zile karatasi, akamtazama, akazitazama. Mara hii hakutoa dole gumba. Alitoa miwani. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, akilitafuta jina lake, mpaka akalipata. Kisha akazikunja, akazitia mfukoni.

Zein akauliza, "Basi sasa hutasimama hapa tena, mama?"

"Sharti nisimame, bwana Zein. Kesho mwalimu wetu wa ngumbaru ataniuliza maneno ya huu ubao wako wa kamera, na siku zote hizi mimi nimekwama hapa penye 'inalindwa'."