Mwashi Mwenye Kidevu Cheupe

Mwashi mgeni aliinamisha kichwa kabla hajaifikia boriti iliyokaa chini mno mlangoni mwa jikoni. Mjane aliyekuwa akigawa supu ya dengu alishtuka. Boriti ile ilikuwa imemgonga kila mgeni, hata ofisa wa mfalme, ambaye nundu yake ilikuwa bado mbichi.

Mjane alikuwa amewapikia watawa wapiganaji wa Hekalu kwa miaka mingi, mpaka mfalme alipowafunga na kuamuru nyumba yao hii, juu ya mto Tarn, ibomolewe.

Alimtazama mwashi vizuri. Mashavu yalikuwa yameungua kwa jua, lakini kidevu kilikuwa cheupe kama jibini. Ndevu zilikuwa zimenyolewa juzijuzi tu. Na watawa wale wote walifuga ndevu.

"Mbona unamkodolea macho, mama?" ofisa aliuliza. "Unamjua?"

"Nitakosaje kumjua? Ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Mlevi huyo, mvivu kupindukia. Mtajuta kumwajiri, bwana."

Wabomoaji waliokuwa wakisubiri supu walicheka. Ofisa hakucheka.

"Haya, wewe mwashi. Kaka yako alikuwa anaitwa nani?"

Upawa wa mjane ulibaki hewani. Mume wake alifia humu humu, katika chumba cha wagonjwa ambacho wanawake hawakuruhusiwa kuingia.

Mwashi aliweka bakuli chini.

"Azemar," alisema, akimtazama mjane, si ofisa. "Nilimfumba macho mimi mwenyewe."